Ndege Zitembeapo Chini Usiku: Taa Bila Mtu Haitoshi

Ndugu wanachama,

Huenda wengine wenu mkishika karatasi hii mtauliza, chama cha watu wa reli kina habari gani na ndege? Kazi yetu sisi ni mataruma, mabehewa, pointi na taa za ishara. Mambo ya angani yana wenyewe. Twawajibu hivi: juu ya angani hatutasema neno. Twataka kusema juu ya chini, pale kwenye lami, ambapo ndege imekwisha kutua au haijaruka bado, nayo inatembea polepole kwa magurudumu yake katikati ya giza. Hapo ndege ni kama behewa kubwa lenye injini, lina abiria ndani na wafanya kazi pembeni. Sisi tuliozoea kupanga mabehewa usiku twajua mambo ya namna hiyo kuliko watu wengi.

Sababu ya pili ni watoto wetu. Tangu reli ilipofika Kitale mwaka 1926, watu wengi wa huku wamekula mshahara wa usafiri. Lakini njia ile ya Kitale ililala miaka mingi bila kusikia treni ya kawaida. Bungoma treni za mizigo hupita kwenda Malaba, ila watu wanaohitajiwa si wengi kama zamani. Basi vijana hutafuta kwingine. Kutoka Kitale mpaka Eldoret ni kilomita 70 hivi, na kutoka Bungoma ni mbali kidogo kuliko hapo. Eldoret kuna kiwanja cha ndege cha kimataifa kilichofunguliwa mwaka 1997, chenye njia ya kurukia ya urefu wa kilomita 3 na nusu hivi, na ndege kubwa za mizigo hutua pale. Wengine hufika mpaka Nairobi. Huajiriwa kupakua mizigo, kuendesha matrekta, kuweka kabari kwenye magurudumu, na kushika vijiti vya taa vya kuwaonyesha marubani mahali pa kusimama. Kazi hizo mara nyingi ni za usiku, maana mizigo haingoji kuche. Mzazi anayemtoa mtoto wake nyumbani kwenda kazi hiyo yafaa ajue ni kazi gani.

Tuanze na tofauti moja kubwa. Treni ina reli. Dereva wetu hata kama haoni mbele, gurudumu lake halitoki kwenye chuma. Pointi ndizo zinazoamua aende njia ya kwanza au ya pili, na pointi zina mtu wake. Ndege haina reli. Ina mistari iliyopakwa rangi chini na taa ndogo zilizopandwa kwenye lami au kando yake. Rubani mwenyewe ndiye dereva, na yeye mwenyewe ndiye mtu wa pointi. Akikosea kona moja, hakuna chuma cha kumrudisha. Tena ndege haijirudishi nyuma kwa magurudumu yake kama garimoshi. Husukumwa na trekta. Akiingia njia isiyo yake hawezi kugeuza kama mtu wa baiskeli.

Pia haoni vizuri. Boeing 747, ambayo ni ndege kubwa ya abiria na mizigo, mabawa yake kutoka ncha hata ncha ni mita 64 hivi. Rubani wake amekaa juu sana kutoka chini, na kutoka kitini pake hazioni ncha za mabawa yake. Mchana hukisia kwa kutazama majengo na ndege nyingine. Usiku hukisia taa tu. Kwa hiyo karibu na mahali pa kuegesha huwekwa watu chini, mmoja mbele na vijiti vya taa, na wengine pembeni kuangalia mabawa yasiguse kitu. Watu hao ndio macho ya rubani. Akivuka vijiti vyake juu ya kichwa, ndege nzima yasimama. Wenzetu wa yadi mnajua kazi hiyo, maana ni sawasawa na yule anayetembea kando ya mabehewa na taa yake, akimwonyesha dereva asiyeweza kumwona ila kwa mwanga ule.

Sasa tutazame taa zenyewe. Nchi za dunia zimekubaliana juu ya rangi, ili rubani wa nchi yoyote asipotee. Kando ya njia ya kurukia taa ni nyeupe, na mwisho wake ni nyekundu. Kando ya njia za kutembelea, yaani zile zinazotoka njia ya kurukia kwenda mahali pa kuegesha, taa ni za buluu. Katikati ya njia za kutembelea, katika viwanja vilivyo na fedha, kuna taa za kijani za kufuata. Mahali pa kusubiri kabla ya kuingia njia ya kurukia pana mistari ya manjano, na penginepo safu ya taa nyekundu kukata njia. Hiyo safu ni kama taa yetu ya ishara: ikiwa nyekundu, hupiti. Kibao chenye herufi nyeupe juu ya rangi nyekundu nacho chasema hivyo hivyo, usipite bila ruhusa. Na ndege yenyewe ina taa nyekundu ncha ya bawa la kushoto, ya kijani ncha ya bawa la kulia, na nyeupe nyuma, kama meli za baharini.

Mtu akisoma hayo atasema, basi taabu iko wapi? Rangi zote zimepangwa. Taabu ni kwamba mwanga mwingi waweza kupoteza njia kama giza. Katika kiwanja kikubwa chenye njia nyingi, rubani aliye juu huona taa za buluu huku na huku mamia kwa mamia, na kona yake moja imefichwa kati ya hizo zote. Mvua ikinyesha, lami yang'aa na kurudisha mwanga, mistari ya rangi haionekani tena. Taa moja ikifa, au kibao kikikosa balbu, njia yabadilika sura. Na kama kuna ujenzi uwanjani, njia iliyokuwa wazi jana leo imefungwa.

Hayo si maneno ya kutisha watoto. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000, kiwanja cha Taipei huko Taiwan, mvua na upepo wa tufani ulikuwa ukivuma. Ndege ya Singapore Airlines, yenye watu 179, ilikuwa ikitembea kwenda njia ya kurukia. Kando ya njia ile kulikuwa na njia nyingine iliyokuwa imefungwa sehemu kwa ujenzi, na juu yake mashine za kuchimbia na mawe ya saruji. Marubani walifuata taa za kijani wakaingia njia iliyofungwa, wakafikiri ni yao. Wakakimbiza ndege, ikagonga mashine zile. Watu 83 wakafa. Waliochunguza walitaja makosa ya marubani, lakini pia waliona kwamba baadhi ya taa za kuelekea njia iliyo sawa hazikuwaka vizuri, na kwamba hapakuwa na kizuizi mwanzoni mwa njia iliyofungwa. Sisi wa reli, tukifunga njia kwa matengenezo, hatuachi mdomo wake wazi. Tunaweka bendera nyekundu mchana, taa nyekundu usiku, na mtu. Mtu ndiye wa kwanza, maana bendera huanguka.

Jambo la pili baada ya taa ni maneno. Ndege ikitembea chini, rubani hufuata anayoambiwa na mwongozaji wa mnarani kwa redio. Ataambiwa apite njia gani, asimame wapi, aingie lini. Ni kama stesheni masta anayempa dereva ruhusa ya kipande cha njia. Kwenye reli ya njia moja kanuni ya kale yasema dereva haondoki mpaka awe na ruhusa ya kipande kile mkononi mwake, kitu cha kushikika, na kikiwa kwake hakiwezi kuwa kwa mwingine. Rubani hana kitu cha kushika. Ana neno tu alilolisikia masikioni, kati ya kelele. Na Waswahili wamesema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Ajali iliyoua watu wengi kupita zote katika historia ya ndege haikutokea angani. Ilitokea chini, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife. Haikuwa usiku, ilikuwa jioni yenye ukungu, lakini ukungu hufanya kazi ya usiku. Bomu lilikuwa limelipuka kiwanja cha kisiwa cha jirani, ndege nyingi zikaelekezwa Tenerife, uwanja mdogo ukajaa mpaka njia ya kutembelea ikazibwa na ndege zilizoegeshwa. Basi ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zikalazimika kutembea juu ya njia yenyewe ya kurukia. Mnarani hawakuwa na rada ya kuziona chini. Ile ya KLM ilipofika mwisho ikageuka, na rubani wake akafikiri amepewa ruhusa ya kuruka. Wakati uleule watu wawili walisema kwa redio kwa pamoja, sauti zikagongana, neno la kumzuia likapotea. Pan Am ilikuwa bado njiani. Watu 583 wakafa.

Liko jambo ndani ya habari hiyo ambalo kila mwanachama alishike. Ndani ya ndege ya KLM fundi wa injini, aliyekuwa chini ya rubani mkuu kwa cheo, aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Mkubwa akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na ndege ikaendelea kukimbia. Mdogo aliuliza swali la kweli na swali lake halikusimamisha kitu. Baada ya hapo mashirika mengi ya ndege duniani yalianza kuwafundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusema bila woga. Tena likawekwa sharti kwamba neno la kuruka lisitajwe kwenye redio ila wakati ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na kwamba rubani arudie kwa sauti maagizo aliyopewa, ili aliyeyatoa asikie kama yamefika sawa.

Hata hivyo maneno yangali yaleta msiba. Jioni ya tarehe 2 Januari 2024, giza limekwisha kuingia, kiwanja cha Haneda huko Tokyo, ndege ndogo ya walinzi wa pwani ilikuwa ikipeleka misaada kwa watu waliopatwa na tetemeko la nchi. Mwongozaji aliiambia kwamba ni ya kwanza kwenye zamu, iende mpaka mahali pa kusubiri. Ikaingia njia ya kurukia, ikasimama pale. Ndege kubwa ya Japan Airlines yenye watu 379 ikatua juu yake. Wale 379 wote walitoka wakiwa hai ndege ikiwaka moto, kwa utaratibu mzuri wa wafanya kazi wake. Katika ile ndogo watu 5 kati ya 6 walikufa. Neno lilikuwa dogo tu, kwamba wewe ni wa kwanza. Mmoja alilisema kwa maana yake, na mwingine alilisikia kwa maana nyingine.

Jambo la tatu ni uchache wa watu, na hapa ndipo hasa twataka kufika. Tarehe 1 Februari 1991, baada ya jua kutua, kiwanja cha Los Angeles, Marekani, ndege ndogo iliambiwa isubiri juu ya njia ya kurukia. Mwongozaji aliyekuwa na mambo mengi kwa wakati mmoja akaisahau, akairuhusu ndege nyingine itue hapo hapo. Marubani wa ile iliyokuwa ikitua hawakuiona, maana taa za ile ndogo zilichanganyika na taa za njia. Watu zaidi ya 30 walikufa. Waliochunguza hawakuishia kumlaumu yule mtu mmoja. Walilaumu mpango wa kazi wa mnara ule, kwa sababu haukuweka njia ya pili ya kukamata kosa kabla halijaua. Hayo ni maneno ya wachunguzi wa serikali ya Marekani, si maneno ya chama cha wafanya kazi. Lakini ndiyo tunayoyasema kila mwaka mezani: mtu mmoja akipewa kazi ya wawili, siku moja kichwa chake kitaachia kitu kimoja, na hicho kimoja kitakuwa na watu ndani.

Tena msidhani wanaokufa ni abiria na marubani tu. Tarehe 8 Oktoba 2001, kiwanja cha Linate, Milan, asubuhi yenye ukungu mzito, ndege ndogo ilipotea njia ya kutembelea ikaingia njia ya kurukia. Vibao na alama za pale hazikuwa sawasawa, na rada ya kuangalia chini haikuwepo kazini. Ndege ya SAS iliyokuwa ikiruka ikaigonga, ikaenda kuingia jengo la mizigo. Walikufa watu 118. Kati yao 4 walikuwa wafanya kazi waliokuwa ndani ya jengo lile, kwenye mizigo ya watu. Hawakuwa wamepanda ndege yoyote. Walikuwa kwenye zamu yao. Nao walilipia rada ambayo haikuwekwa.

Na hata bila ndege kugongana, mtu wa chini yuko hatarini. Injini ya ndege ikizunguka huvuta hewa mbele kwa nguvu ya kumvuta mtu mzima, na nyuma yake hutoa upepo wa moto unaoweza kumwangusha mtu au kupeperusha kigari. Kelele hufunga masikio, hata mwenzako akipiga ukelele husikii. Tarehe 31 Desemba 2022, katika mji wa Montgomery, Marekani, mfanya kazi mmoja wa kiwanjani alivutwa na injini ya ndege iliyokuwa imekwisha kuegeshwa, injini moja bado yazunguka. Huo ulikuwa mchana. Usiku macho hayaoni kama kitu chazunguka au kimesimama. Iko taa nyekundu ya kumweka juu na chini ya ndege, ya kusema kwamba injini zawaka, msikaribie. Lakini taa hiyo yamfaa aliyefundishwa maana yake, na aliyelala vya kutosha akaikumbuka.

Sasa turudi kwetu Kenya. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta ya baadhi ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka, wasafiri wakakaa gizani, na waziri wa usafiri akaomba radhi hadharani. Kiwanja hicho ndicho kikubwa kuliko vyote nchini. Kilifunguliwa Embakasi mwaka 1958, na watu waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ndio waliotoa jasho kukijenga. Kama umeme waweza kukosekana katika majengo ya kiwanja kikubwa namna hiyo, basi hakuna kiwanja ambacho mtu aweza kusema, hapa taa haitazimika. Ikizimika, ni nani anayejua la kufanya kwa dakika ile? Ni yule aliyefundishwa, ambaye ana tochi yake, ambaye ana redio yenye betri.

Na viwanja vyetu vya huku? Kitale kina kiwanja, na Bungoma kina kile cha Matulo karibu na Webuye. Ni viwanja vya ndege ndogo na kazi yake ni ya mchana. Watu hupenda kusema vitengenezwe vikubwe, biashara ije, mahindi na maua na wageni. Sisi hatupingi. Mji ukipata kazi twafurahi. Lakini kiwanja cha usiku si taa tu. Ni ua wa kuzuia ng'ombe na watu wasikate njia. Ni jenereta ya pili. Ni zimamoto iliyo macho. Ni waongozaji wa kutosha kupokezana. Ni watu wa chini waliofundishwa. Mwanasiasa akija kutuahidi taa, na tumpigie makofi, halafu tumwulize: na watu ni wangapi, na mshahara wao uko wapi?

Twajua wenye kampuni watajibu nini. Watasema watu wengi ni gharama, na kwamba wakandarasi wanaoleta vibarua wa usiku ni rahisi. Ndiyo, kibarua ni rahisi mpaka siku ya hesabu. Kibarua aliyeletwa jana hajui upepo wa injini uko upande gani. Aliyefanya kazi mchana mahali pengine na usiku anakuja hapa kwa sababu mshahara mmoja hautoshi, macho yake yamefunguka lakini kichwa kimelala. Anayejua kwamba atafukuzwa akisimamisha kazi, hataisimamisha. Bawa moja la ndege likigonga nguzo, gharama yake yalipa mishahara ya watu wengi kwa miaka. Hatusemi hivyo kwa kuwa twajali chuma kuliko watu. Twasema kwa kuwa wao hesabu hiyo wanaielewa upesi.

Kwa hiyo msimamo wa tawi letu, ambao twawaomba wenzetu wa vyama vya wafanya kazi wa ndege waushike pamoja nasi, ni huu:

Kwanza, ndege isitembezwe wala kusukumwa usiku karibu na majengo bila watu kamili chini: mmoja mbele, na mmoja kila bawa panapokuwa na nafasi ndogo. Mmoja akikosekana, kazi ingoje.

Pili, mtu yeyote aliye chini, hata awe mdogo kwa cheo namna gani, akionyesha ishara ya kusimama, kila kitu kisimame. Kwanza husimama, kisha huuliza. Na asiulizwe kwa hasira.

Tatu, taa iliyokufa, kibao kilichofifia na mstari uliofutika viandikwe kwenye daftari la zamu usiku ule ule, na zamu inayofuata ionyeshwe. Njia iliyofungwa ifungwe kwa kizuizi cha kuonekana na taa zake.

Nne, zamu ya usiku iwe na mwisho wake na mapumziko yake, na mtu asipangwe usiku baada ya mchana. Atakayeajiriwa na mkandarasi apate mafunzo yale yale na ulinzi ule ule wa aliyeajiriwa na kampuni yenyewe.

Tano, vifaa si zawadi. Koti la kung'aa, vifunika masikio, vijiti vya taa vyenye betri nzima, na viatu, vitolewe na mwajiri, wala visikatwe kwenye mshahara.

Haya si maombi ya huruma tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi, haki ya kuingia chama, na haki ya kugoma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi atoe habari ya hatari kubwa kwa msimamizi wake, na yamkataza mwajiri kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Na iko sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka huo huo. Sheria zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitaja usiku wa manane, wakati msimamizi anasema fanya haraka, ndege imechelewa. Mtu mmoja peke yake ataogopa kuzitaja. Akiwa na chama nyuma yake, atazitaja.

Ndugu wazazi wa Kitale na Bungoma, mtoto akija kuwaambia amepata kazi kiwanjani, msimzuie. Ni kazi ya heshima, na watu wanaosafiri salama husafiri kwa mikono ya watu kama yeye. Lakini mwulizeni maswali matatu kabla hajapanda matatu ya kwenda Eldoret. Atafundishwa siku ngapi kabla ya kukaribia ndege? Usiku kutakuwa na watu wangapi pamoja naye? Na akiona hatari, ana ruhusa ya kusimamisha? Kama hana jibu, aende akawaulize wanaomwajiri. Kuuliza si ujinga. Na akifika, atafute chama kabla ya kutafuta kitanda cha kupanga.

Nasi wa reli tusijisahau. Yanayosemwa hapa juu ya lami ya ndege yasemwa pia juu ya yadi yetu. Behewa likisukumwa gizani na watu pungufu ni lile lile bawa lisiloonekana. Ruhusa iliyosikika nusu ni ile ile ya Tenerife. Mwenye taa mkononi, awe kando ya reli au kando ya ndege, kazi yake ni moja: kumwambia mwenye injini, simama, kuna mtu hapa. Mwenye injini akizoea kumsikia, wote watarudi nyumbani asubuhi.

Tusimamie neno hilo pamoja. Umoja ndio nguvu yetu.

Mhariri, kwa niaba ya tawi.